Jumatatu ya Pasaka Bila Procolo

Nyumba yenye msiba haiwashi tanuri wakati wa Pasaka. Ndivyo mabibi wa Pozzuoli, mji wa pwani ya kusini, walivyoukuta mwiko huo na ndivyo walivyouacha, na Erminia hakuwa mwanamke wa kuvunja miiko. Mumewe, Procolo, alikuwa amezikwa mwezi wa pili. Juma Kuu lilipofika, unga ulibaki kabatini, mayai yakabaki kwa muuzaji, naye akakaa sebuleni na gauni lake jeusi akingoja, maana mwiko huo una upande wake wa pili: mfiwa hapiki, lakini halali njaa. Majirani humpikia.

Taabu ni kwamba kila jirani alidhani yuko peke yake. Kufikia Jumamosi Kuu, pastiera, zile keki za ngano na jibini laini zinazonukia maua ya michungwa, zilikuwa zimekaa juu ya kabati, juu ya redio, juu ya cherehani, na moja kwenye kiti cha marehemu, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mikate ya Pasaka iliyopachikwa mayai mazima na maganda yake ililazwa kitandani kama watoto wachanga.

"Baba yako angekuwa anakufa kila mwaka," Erminia akamwambia bintiye, Ornella, "tungefungua duka."

Akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka, akajifanya anakohoa.

Ornella alikuwa amekuja kutoka Bergamo, kaskazini kabisa, pamoja na mumewe Fausto, ambaye ni mzaliwa wa huko. Ornella ndiye aliyeanzisha habari ya safari. Jumatatu ya Pasaka hakuna anayebaki nyumbani. Watu hubeba viporo vya sikukuu wakaenda kuvila penye hewa. Familia ya Procolo ilikwenda kisiwani Procida kila mwaka tangu Ornella angali tumboni. Feri ya asubuhi, feri ya jioni, na katikati hakuna kazi ila kula chini ya milimau, kulala chini ya milimau, na kuamka kula tena. Hata mwaka ule ardhi ilipokuwa ikitetemeka kutwa kucha na nusu ya mji ikahamia kwenye mahema, Procolo alisema kama ni kutetemeka, heri atetemekee kisiwani, na wakaenda.

Erminia akakataa. Mjane ambaye machozi yake hayajakauka aende mandari? Majirani waliompikia kwa huruma wangemwona gatini na vikapu, waseme amekwenda kusherehekea kifo cha mumewe. Ornella akamjibu kwamba majirani watasema hata akikaa. Fausto, mtu mpole asiyejua wakati wa kunyamaza, akasema kwamba kwao kila mtu huomboleza kwa namna yake na hakuna anayemsimamia.

"Kwenu mnaomboleza kwa saa za kazi, mkwe wangu," Erminia akasema. "Kengele ikilia mnafuta machozi, mnakwenda kula."

Yakaishia hapo. Lakini alipokuwa akizihamisha pastiera ili watu wapate pa kukaa, Erminia akakumbuka kwamba juu ya ile bustani ya milimau wanakokwenda kila mwaka kuna kikanisa cha Malaika Mkuu Mikaeli. Na Mikaeli ndiye mwenye mizani. Yeye ndiye anayezipima roho za watu. Mkono wa Erminia ukasita juu ya sahani. Aliporudi sebuleni alisema atakwenda, ila mtu asidhani anakwenda kula.

Hakusema anakwenda kufanya nini, lakini jambo lenyewe ndilo lililokuwa likimnyima usingizi tangu mazishi. Erminia hakujua mumewe yuko wapi.

Procolo alizaliwa Rione Terra, mtaa wa kale uliojengwa juu ya jabali lililoingia baharini, akabatizwa jina la mtakatifu msimamizi wa mji kama wanaume wengi wa Pozzuoli. Vita vilipokwisha alikuwa kijana asiye na kazi wala viatu. Kiwanda cha taipureta kilipojengwa barabara ya pwani, alikuwa miongoni mwa walioajiriwa mwanzo, na akakaa humo mpaka akastaafu, akipachika vijiti vya herufi kwa vidole vinene ambavyo nyumbani vilishindwa kufunga kifungo cha shati. Kadi ya Chama cha Kikomunisti alikuwa nayo hata kabla ya kiwanda. Miaka ile makanisa yalitangaza kwamba mwenye kadi hiyo asipewe sakramenti. Mama yake alilia, akamwambia achague. Procolo akasema hawezi kuwaacha watu waliosimama naye mvuani wakidai mkate kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kanisa.

Miaka ikapita, mapadri wakalegeza. Procolo hakulegeza. Kila Jumapili alimsindikiza Erminia mpaka mlango wa kanisa, akabaki nje na gazeti lake mpaka Misa iishe. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli. "Na Mungu sina ugomvi," alizoea kusema. "Ugomvi wangu ni na wapokezi wake." Hakuwa mtu wa kukufuru, hakuwa mlevi, na mfanyakazi mwenzake akifukuzwa, meza ya kwanza kumlisha ilikuwa ya Procolo. Lakini Erminia, aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini, hakuwahi kumwona akipiga magoti mbele ya padri.

Mwanzoni mwa mwezi ule wa pili chama chake kilivunjwa, kwenye mkutano huko Rimini. Procolo alitazama yote kwenye televisheni, akaizima, akasema hajapata kuona mtu akijizika mwenyewe na kujipigia makofi. Siku chache baadaye akaanguka kwenye ngazi za nyumba, ameshika mfuko wa machungwa. Machungwa yakashuka ngazi moja moja mpaka barabarani, na hivyo ndivyo watu walivyojua. Jirani alimkimbilia padri. Padri akaja anahema, akampaka mafuta matakatifu, lakini mwili ulikuwa umeshaanza kupoa. Watu wakatania, kwa mapenzi, kwamba Procolo amekifuata chama chake. Erminia hakucheka. Paroko akamwambia huruma ya Mungu haina kizingiti, naye akaitikia, kwa kuwa paroko haulizwi mara mbili. Akirudi nyumbani alikaa kitandani, upande wa mumewe, akajiuliza mafuta yanamfaa nini mtu ambaye ameshaondoka.

Basi alikuwa anakwenda kwa mwenye mizani, amwombe ashikilie upande mmoja kidogo tu, kwa ncha ya kidole.

Feri ilijaa. Vijana walikuwa na redio, mipira na nyama ya kuchoma. Waliomjua Erminia walimpa pole, wakaviangalia vikapu, wakaangalia pembeni. Fausto alibeba pastiera zilizofungwa kwa vitambaa vya meza, akitembea kama mtu aliyekabidhiwa mabomu, na kila aliyempisha alimuuliza kama kuna harusi.

Erminia alijikuta ameelekea nyuma ya meli, kwa sababu ndiko Procolo alikokuwa akisimama. Feri ikiondoka gatini jabali la Rione Terra huonekana lote, na nyumba zake tupu. Mwaka wa sabini, ardhi ya mji ilipokuwa ikiinuka kwa moto wa volkano ulio chini yake, askari waliwatoa wakazi wote kwa haraka, wakawaambia ni kwa muda tu. Mpaka Jumatatu hiyo ya Pasaka muda huo ulikuwa haujaisha. Kila mwaka Procolo alishika chuma cha meli akayataja madirisha.

"Lile la Matilde mshonaji," Ornella akasema. Alikuwa amekuja kusimama bega kwa bega na mama yake. "Lile la kinyozi. Lile la mzee mwenye kasuku."

"La kasuku ni la juu yake. Hilo ni la mwalimu aliyekimbiwa na mke."

"Baba alisema la kasuku."

"Baba yako alikuwa anakosea makusudi. Akiona nimenuna safarini, anakosea dirisha, ili nimsahihishe."

Wakaendelea hivyo, dirisha kwa dirisha, mpaka jabali likawa dogo kama mkate ulioachwa mezani. La nyumbani kwa Procolo hakuna aliyelitaja. Mtini ulikuwa umeota ndani ya chumba na kutoa matawi nje, kama mtu anayechungulia aone ni nani anapita.

Kisiwani walichukua bajaji, iliyolalamika mlima mzima, mpaka kwenye bustani ya Rosinella. Rosinella alikuwa mjane wa rika la Erminia, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, na pamoja na bustani alitunza pia kile kikanisa kilichopakana na ukuta wake. Mwaka wa kwanza kabisa Procolo alimtengenezea redio iliyokuwa bubu tangu vita, na tangu hapo familia hiyo haikuomba tena ruhusa ya kukaa chini ya milimau yake. Siku hiyo alimkumbatia Erminia, akalia kwa sauti bila kujizuia, kisha akamshika mabega akamtazama.

"Umekonda," akasema. "Kaa."

Alipoziona pastiera nne zikifunguliwa, akasema na yeye ameoka mbili, maana alijua wana msiba.

Mezani palipwaya mahali pamoja. Kachumbari ya malimau ilikuwa kazi ya Procolo. Malimau ya kisiwani ni makubwa kama ngumi mbili, na chini ya ganda la njano yana nyama nyeupe, nene, tamu. Hiyo ndiyo huliwa. Procolo aliimenya mwenyewe, akaikatakata, akaiweka kwenye maji kidogo, akaitia nanaa, kitunguu saumu, pilipili na mafuta ya zeituni, na wakati wote huo hakutaka mtu amkaribie. Sasa malimau yalikuwa mezani na kila mtu aliyatazama. Fausto, kwa kuona huruma, akachukua kisu akasema atajaribu. Walipogeuka tena alikuwa amekwangua kila cheupe na kukitia kwenye ndoo ya taka, na mbele yake pamebaki vipande vyembamba vinavyochuruzika maji makali.

Rosinella akachungulia ndoo.

"Baba," akamwambia, "umemtupa bibi harusi, ukabaki na machozi ya mama mkwe."

Erminia akacheka mpaka akashika meza. Safari hii hakukohoa. Rosinella akamfundisha Fausto upya, naye akafuata kila neno kama mtoto wa shule, na bakuli likajaa. Ilikuwa nzuri. Haikuwa ile. Erminia aliila polepole akitafuta kilichopungua, na akatambua kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mumewe anatia nini. Hakuona haja. Mtu hamuulizi mwenzake jambo ambalo mwakani atalifanya tena.

Baada ya kula, Ornella na Fausto walijilaza kwenye blanketi na usingizi ukawachukua. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo hata kuku hawasogei. Miaka yote Erminia naye alilala saa hiyo, na Procolo alikwenda kunyoosha miguu. Leo alifunga vizuri kitambaa chake cheusi, akamfuata Rosinella kwenye kibaraza cha jikoni, akamuuliza kama kikanisa kiko wazi. Akamwambia kweli: anataka kuzungumza na Malaika juu ya Procolo, kwa kuwa alikwenda bila kuungama na hajui amepokelewaje.

Rosinella akainamisha macho. Alionekana kutaka kusema neno, akalimeza. Akasema kiko wazi, na Padri Placido yumo, ila Erminia asubiri kidogo, kuna mtu anaungama.

"Umejuaje?" Erminia akauliza, maana hapo walipokaa mlango wa kikanisa hauonekani.

Jibu likatoka lenyewe kwenye kidirisha cha juu ya ukuta. Sauti ya mwanamume, kali, ya mtu aliyekata tamaa ya kunong'ona, ikasema kwamba imemdhulumu ndugu yake mpaka wa shamba, na kwamba imemtamani mke wa—

Rosinella akanyakua sufuria na kijiko cha mbao. Akaanza kupiga kwa nguvu huku anaimba litania ya watakatifu wote, jina baada ya jina, na mke aliyetamaniwa akabaki baina ya mtu yule na Mungu wake. Sauti ya mle ndani ilipokoma, naye akakoma, akafuta jasho.

Akaeleza. Padri Placido alikuwa mzee sana na masikio yake yalikufa zamani, ila hakukubali kwamba yamekufa. Alisema watu wa siku hizi wanamumunya maneno. Askofu naye hakuwa na padri mwingine wa kuleta. Basi wenye dhambi nzito walichagua saa hiyo, kisiwa kizima kimelala, na Rosinella akachukua jukumu la sufuria. Hakuna aliyemtuma.

"Mwaka fulani niliamka nikakuuliza unapiga nini," Erminia akasema. "Ukaniambia unafukuza shomoro."

"Shomoro gani saa nane mchana, Bi Erminia? Shomoro nao wamelala." Rosinella alikuwa amechangamka kwa kazi yake, na ulimi ukamponyoka. "Huyu wa leo mwepesi, sauti yake ya pua. Mzito alikuwa Procolo. Ile sauti ya kiwandani ilikuwa inanitaka sufuria mbili."

Kijiko kikasimama hewani. Rosinella akajifunika mdomo kwa mkono uliokuwa huru.

Erminia hakuinuka. Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza njia, ni Procolo yupi.

"Sikusema kitu."

"Ni Procolo yupi, Rosinella?"

Rosinella akaketi chini kwenye kizingiti. Akasema anayeyasikia maungamo ya mtu, hata kwa bahati mbaya, siri ile inamfunga kama inavyomfunga padri, na yeye hakutaka kwenda motoni kwa ajili ya sufuria. Alichosikia hakukisikia. Lakini kuona si kusikia, na macho hayakufungwa na mtu. Macho yake yalimwona Procolo akipita hapo kibarazani kila Jumatatu ya Pasaka, tangu mwaka aliomzika mama yake, kofia mkononi, na akirudi akiwa amevimba macho. Akifika kwenye pipa ananawa uso. Kisha anakwenda kukaa kwenye ukuta, karibu na pale mkewe alipolala, anamtazama, mpaka aamke.

Kitu ambacho Erminia alikuwa amekibeba kifuani tangu siku ya machungwa kilishuka, akakisikia kabisa kinavyoshuka, na pumzi ikamwingia mpaka chini. Akafanya ishara ya msalaba. Akambusu Rosinella kipaji cha uso. Akashukuru kwa sauti, jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Kisha hasira ikampanda.

"Kwa nini hakuniambia?"

Rosinella akasema siku moja yeye mwenyewe alimuuliza swali hilo. Procolo akamjibu kwamba akiungama Pozzuoli, jioni kiwanda kizima kitajua, na waliomwamini watasema amenunuliwa. Na Erminia je? Akasema Erminia akijua atafurahi kupita kiasi; atawaambia dada zake, na kesho yake asubuhi Papa atakuwa amepata habari.

"Nilikunywa kahawa chungu," Erminia akasema.

"Nini, dada yangu?"

"Kahawa. Niliweka nadhiri. Nikamwambia mbele ya uso wake, sitatia sukari mpaka siku utakayorudi kwa Mungu. Kila asubuhi, Rosinella. Anakaa mbele yangu, ananitazama ninavyokunja uso, anakoroga vijiko vyake vitatu. Aliniambia inafaa kwa meno."

Rosinella alijitahidi. Aliuma shela yake, akageukia ukutani, mabega yakamtikisika. Erminia akamtazama kwa ghadhabu, na ghadhabu ile ikakosa pa kushika, akajikuta analia na kucheka kwa pamoja, kilio kile ambacho mazishini hakikutoka kwa sababu watu walikuwa wengi.

Alipotulia alisema anataka kuungama.

"Sasa hivi?"

"Nikipoa sitakuwa na cha kuungama."

Kikanisa kilikuwa na ubaridi na harufu ya nta. Malaika alisimama juu ya altare, upanga mkono mmoja, mizani mkono wa pili, na Erminia akampita bila kumtazama, kama mtu anayempita mtu aliyekuja kumwona, kwa sababu amekutana na mwingine njiani. Padri Placido alikuwa kwenye kiti cha maungamo, mdogo, mkavu, kichwa kimeegemea wavu. Erminia akapiga magoti. Akaanza kwa sauti ya kawaida.

"Unamumunya," padri akasema kwa huzuni. "Wote mnamumunya."

"Nimemkasirikia marehemu mume wangu, Padri," Erminia akasema kwa sauti ya sokoni. Nje sufuria ikaanza.

"Amekukosea nini?"

"Aliungama."

Padri akafikiri. "Hiyo si dhambi, mwanangu."

"Aliungama miaka yote bila kuniambia. Mimi nikamlilia kama mpagani. Nikatembea miguu mitupu mpaka kwa Mama wa Rozari wa Pompei kwa ajili yake. Nikafunga. Alipokufa nikaona amepotea, na nikamlaumu Mungu, Padri, nikamwambia Mungu angeweza kumpa hata dakika kumi pale kwenye ngazi. Nikawa simwamini Mungu juu ya Procolo wangu. Alikuwa anakuja hapa kwako?"

Sufuria ilikuwa inalia kwa bidii kubwa. Padri alichelewa kujibu, na Erminia akadhani hakusikia, akajiandaa kurudia.

"Hapa huja watu," padri akasema. "Wakitoka, mimi nimesahau. Na Mungu naye amesahau, ndiyo maana ya jambo lenyewe. Umebaki wewe peke yako unayekumbuka." Akainua mkono wake mkavu. "Mwachilie na wewe."

Akampa maondoleo, polepole, neno kwa neno. Malipizi yakawa Salamu Maria tatu.

"Na siku nyingine usipige kelele kanisani," akaongeza. "Mimi si kiziwi."

Erminia akatoka kwenye kiti cha maungamo akaketi benchi la mbele. Alisali zile Salamu Maria tatu, ya kwanza kwa ajili yake, ya pili kwa ajili ya Procolo, na ya tatu, baada ya kusita, kwa ajili ya wenzake wa kiwandani ambao hawakujua. Ndipo alipomwinulia macho mwenye mizani. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya kumsihi, ameyapanga tangu Jumamosi, na hakuyahitaji hata moja. Akamwambia tu amfikishie mtu mmoja ujumbe, kwamba mkewe amepata habari.

Halafu akaacha kupitia kwa malaika, akaanza kusema na Procolo mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama alivyosema naye jikoni miaka arobaini. Akamwambia Fausto ametupa nyama ya malimau. Akamwambia mtini umejaza dirisha lote. Akamuuliza anatia nini kwenye ile kachumbari, na kwa nini hakumwamsha hata mara moja akamwambia, Ermi, nimetoka kuungama, huku macho yake bado yamevimba. Angenyamaza. Dada zake asingewaambia. Labda mmoja tu. Akakiri kwamba labda wote.

Jua lilikuwa limeshaingia kwa mlango wa magharibi Ornella alipokuja kumtafuta, nywele zake zina majani ya limau, ananyata kwa kumwogopa padri aliyesinzia. Akainama sikioni mwa mama yake, akamwambia Fausto ameshafunga vikapu, bajaji inangoja, wasipotoka sasa hivi watakosa feri.

"Kuna nyingine baadaye," Erminia akasema.

"Ya mwisho kabisa, Mama. Tutafika giza limeingia. Na watu watasema."

"Waache waseme. Kaeni muile pastiera." Akajisogeza akakaa vizuri kwenye benchi, akaegemeza mgongo. "Sijamaliza na baba yako."